Jana Sultani, Leo Bwana Fulani

Usiku wa tarehe 5 Februari 1952, Elizabeth, binti wa Mfalme George wa Sita wa Uingereza, alilala juu ya mti. Hoteli ya Treetops, katika msitu wa Aberdare karibu na Nyeri nchini Kenya, wakati ule ilikuwa kibanda cha vyumba vichache kilichoegemezwa kwenye matawi, na wageni walipanda kwa ngazi wapate kuwatazama tembo na vifaru waliokuja kunywa maji. Asubuhi aliteremka, akaenda kupumzika Sagana, kwenye nyumba ambayo serikali ya koloni ilimpa yeye na mumewe Philip kuwa zawadi ya harusi. Mchana ndipo ilipofika habari kwamba baba yake amefariki kule Sandringham. Haikuja kwa mkono wa serikali. Telegramu rasmi ilikwama njiani, waandishi wa habari wakatangulia kujua, msaidizi wa Philip akadokezwa, Philip naye akamwambia mkewe. Katibu wake alipomuuliza atatawala kwa jina gani, Elizabeth alilishangaa swali lenyewe: kwa jina lake, lipi tena?

Kwa kuwa mfalme alikata roho usingizini, hakuna ajuaye binti yake alipata cheo saa ngapi. Huenda alikuwa malkia tangu yuko mtini, wala hajijui.

Rekodi yake inayotajwa sana ni ile ya miaka 70 na siku 214 aliyotawala, ndefu kuliko ya mtawala yeyote wa Uingereza. Mimi huvutiwa zaidi na yaliyowapata jamaa zake palepale. Mama yake, ambaye naye ni Elizabeth, aliacha kuwa malkia wa nchi akawa Malkia Mama, ili wawili hao wasichanganywe. Bibi yake Mary, mjane wa Mfalme George wa Tano, alikuwa bado hai, kwa hiyo jeneza lilipopokewa London walisimama malkia watatu wa vizazi vitatu, nyuso zimefunikwa shela nyeusi. Mwanawe Charles, mtoto wa miaka mitatu, akawa Duke wa Cornwall bila hati wala sherehe, maana cheo hicho humwangukia chenyewe mwana wa kwanza wa kiume wa mtawala. Na Philip? Philip alibaki alivyokuwa.

Ndiyo maana nasema ukitaka kujua ufalme fulani unamthamini nani, usihangaike na aliyekalia kiti. Watazame walio ubavuni mwake: wake, waume, dada, wajane, waliojiuzulu. Uliza wanaitwaje kesho yake. Rekodi zifuatazo nimezikusanya kwa jicho hilo.

Wanaume waliobaki pembeni

Tuanze na aliyengoja kuliko wote. Cheo cha Mwanamfalme wa Wales hakirithiwi. Ni mpaka mtawala akitoe. Charles alikuwa mtoto wa miaka 9, yuko shule ya bweni, mama yake alipotangaza mwaka 1958 kwamba amempa. Aliisikia kwenye televisheni pamoja na wanafunzi wenzake, na alipokuwa mtu mzima amesimulia jinsi alivyotahayari. Alikishika cheo hicho hadi tarehe 8 Septemba 2022, yaani miaka 64 na siku 44, na hakuna mwingine aliyekishika muda mrefu hivyo. Mwanawe William alipewa kesho yake tu.

Kisa cha Philip kina mafunzo zaidi. Alizaliwa mwaka 1921 akiwa mwanamfalme wa Ugiriki na Denmark. Ili amwoe Elizabeth aliviacha vyeo hivyo, akawa Luteni Philip Mountbatten, ofisa wa jeshi la majini kama maofisa wengine. Harusi ya Novemba 1947 ikamfanya Duke wa Edinburgh. Cheo cha mwanamfalme wa Uingereza hakukipata hadi mwaka 1957, mkewe akiwa ametawala miaka mitano. Basi huyu ndiye mwenza wa mtawala aliyedumu kuliko wote katika historia ya Uingereza, zaidi ya miaka 69, na katika miaka yote hiyo hakuitwa mfalme hata siku moja. Mke wa mfalme huitwa malkia, hiyo haina mjadala. Mume wa malkia ataitwa nini, kila nyumba ya kifalme ya Ulaya imepata tabu kujibu, kwa sababu "mfalme" husikika kuwa mkubwa kuliko "malkia", na hakuna aliyetaka mgeni aliyeoa aonekane amempita mwenye kiti. Albert, mume wa Malkia Victoria, alikaa miaka 17 ya ndoa ndipo akapewa rasmi cheo cha Mwanamfalme Mwenza, mwaka 1857. Tena hapo mkewe alikuwa ndiye mtawala wa dola kubwa kuliko zote wakati huo, na alikuwa akimpenda kupita kiasi.

Aliyekataa kunyamaza ni Henrik wa Denmark. Alikuwa mwanadiplomasia Mfaransa, akamwoa Margrethe mwaka 1967, na mkewe alipokuwa malkia mwaka 1972 yeye akabaki mwanamfalme. Alilalamika hadharani kwa miaka mingi. Mwaka 2016 alikitupa cheo chake cha mwenza, na mwaka 2017 akatangaza kwamba hatazikwa na mkewe katika kanisa kuu la Roskilde wanakozikwa wafalme wa Denmark, kwa sababu hakutendewa kama mtu aliye sawa na mkewe. Alifariki Februari 2018. Nusu ya majivu yake ilimwagwa katika bahari ya Denmark, nusu ikazikwa kwenye bustani ya kasri la Fredensborg. Magazeti yalimcheka kama mzee mwenye kinyongo. Lakini hebu tazama jumba lilelile miaka sita baadaye. Tarehe 14 Januari 2024 Margrethe alimwachia kiti mwanawe Frederik, na mke wa Frederik, Mary Donaldson wa Tasmania, aliyekutana na mumewe baani mjini Sydney wakati wa Olimpiki ya mwaka 2000, akawa malkia siku hiyohiyo. Hakuna aliyeuliza swali. Kwa mizani hiyo mzee Henrik alikuwa na hoja, ingawa namna yake ya kuidai ilimharibia.

Waliopanda kwa ndoa

Eleanor wa Aquitaine ndiye bingwa. Julai 1137 aliolewa na mrithi wa Ufaransa; siku chache baadaye baba mkwe akafariki, na bibi harusi akawa malkia kabla harusi haijapoa. Ndoa ilibatilishwa tarehe 21 Machi 1152. Tarehe 18 Mei mwaka uleule, wiki nane tu baadaye, akaolewa na Henry, Duke wa Normandy, na Henry alipotwaa ufalme mwaka 1154 Eleanor akawa malkia wa Uingereza. Malkia wa nchi mbili hasimu, na wanawe wawili, Richard na John, wakawa wafalme. Ila ukifuatilia maisha yake mpaka alipofariki mwaka 1204 utaona kwamba umalkia ulikuja na kwenda kwa kutegemea waume, na cheo kimoja tu hakikumbanduka: Duchess wa Aquitaine, kwa kuwa hicho alikirithi kwa baba yake. Talaka haikukigusa. Kila alikokwenda, nchi ilimfuata, na wafalme wa Ufaransa walijutia jambo hilo kwa karne tatu.

Anne wa Brittany naye ni peke yake katika kundi lake: mwanamke pekee aliyekuwa malkia wa Ufaransa mara mbili, kwa wafalme wawili waliofuatana. Mkataba wa ndoa yake ya kwanza, mwaka 1491, ulisema kwamba mume akifa bila mtoto wa kiume, mjane aolewe na atakayemrithi. Akafa, akaolewa. Wafaransa hawakuwa wakimtaka Anne, walikuwa wakiitaka Brittany. Karne tano nyuma yake Emma wa Normandy alikuwa malkia wa Uingereza kwa Æthelred, kisha kwa Cnut, yule Mdenmark aliyeishinda nyumba ya mumewe wa kwanza.

Na aliyepanda juu kuliko wote ni Sophie, binti wa nyumba ndogo ya Kijerumani ya Anhalt-Zerbst. Alipelekwa Urusi mwaka 1744 akiwa msichana, akabadilishwa dini na jina akawa Yekaterina, na mwaka uliofuata akaolewa na mrithi wa taji. Mumewe, Peter wa Tatu, alitawala miezi sita. Mkewe akampindua kwa msaada wa askari wa kasri, akatawala mwenyewe miaka 34, bila tone la damu ya ukoo wa Romanov. Ndiye tunayemwita Catherine Mkuu.

Binti wa Sayyid Said

Kwa wanaoshuka hatuna haja ya kwenda mbali. Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar, alizaliwa kwenye kasri la Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma, kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha kwa siri, akiiga herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia kama vile mtoto wa chuo anavyotumia ubao. Kalamu hiyo ilimponza kwanza mwaka 1859, pale ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid na Salme akawa karani wa njama. Kisha ukaja kumponza moyo. Alipendana na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe, akapata mimba, na Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden.

Tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, mambo matatu yalifanyika kwa siku moja. Alibatizwa, akapewa jina la Emily, akafungishwa ndoa. Asubuhi alikuwa Sayyida Salme binti Said. Jioni alikuwa Bi Emily Ruete, mke wa mfanyabiashara. Miaka mitatu baadaye mume akafa kwa ajali ya tramu na kumwachia watoto watatu katika mji wa baridi. Barghash, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mtawala, alikataa kumpokea aliporudi Zanzibar mwaka 1885 na manowari za Wajerumani nyuma yake. Urithi wake aliudai mpaka akachoka.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na jalada lilimtaja kuwa binti mfalme wa Kiarabu. Kule alikozaliwa cheo kilikuwa kimekwisha kufutwa kwa ndoa na kwa dini; huku alikohamia ndicho kilichouza kitabu. Alifariki Jena mwaka 1924.

Usidhani ni mambo ya kale. Kwa sheria ya Japani ya mwaka 1947, binti wa ukoo wa kifalme akiolewa na raia wa kawaida hutoka katika ukoo. Mwanamume akioa raia, mke ndiye anayeingia. Mako, mpwa wa Mfalme Naruhito, aliolewa na Kei Komuro, mwanafunzi mwenzake wa chuo kikuu, tarehe 26 Oktoba 2021. Hapakuwa na karamu wala msafara. Palikuwa na fomu iliyopelekwa ofisi ya serikali ya mtaa. Kwa fomu hiyo alipata kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, jina la ukoo, kwa sababu watu wa nyumba ya kifalme ya Japani hawana. Alipata pia rekodi: wa kwanza tangu Vita vya Pili vya Dunia kukataa kiinua mgongo wanachopewa mabinti wanaotoka, ambacho kwake kingekaribia yeni milioni 140. Wakati huohuo ukoo wenyewe unapungukiwa watu. Mtoto wa pekee wa mfalme ni msichana, Aiko, na sheria haimruhusu kurithi.

Ubolratana wa Thailand aliacha cheo mwaka 1972 kwa kuolewa na Mmarekani, akaachika mwaka 1998, akarejea nyumbani. Februari 2019 chama kimoja kilimtangaza mgombea wake wa uwaziri mkuu, kwa hoja kwamba yeye sasa ni raia. Usiku uleule mdogo wake mfalme alitoa tamko: hata bila cheo, bado ni wa nyumba ya kifalme, na siasa hairuhusiwi. Chama kikavunjwa mwezi uliofuata. Kwa hiyo cheo kilikuwa kimemtoka alipotaka kukitumia na kikamrudia alipotaka kukikimbia.

Hapa sina budi kulinganisha Zanzibar na Ubelgiji. Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai. Karibu wote, kama si wote, walizaliwa na masuria. Barghash mama yake alikuwa Mhabeshi, Majid na Salme mama zao Wacherkesi. Kila mmoja wao alikuwa Sayyid au Sayyida kamili, na yeyote kati ya wanaume angeweza kukikalia kiti, maana cheo kilipita kwa baba akishamkubali mtoto. Ulaya ilikuwa kinyume: bila cheti cha ndoa, damu ya mfalme haina faida. Delphine Boël, msanii wa Kibelgiji aliyezaliwa mwaka 1968 nje ya ndoa, alimshtaki Mfalme Albert wa Pili baada ya mzee huyo kujiuzulu na kupoteza kinga. Mahakama ilimtishia mzee faini ya yuro 5,000 kwa siku akikataa kipimo cha vinasaba. Alipimwa, na Januari 2020 akakiri. Tarehe 1 Oktoba 2020 mahakama ya rufaa ya Brussels ikamtangaza Delphine kuwa binti mfalme wa Ubelgiji. Alikipata kwa maabara na wakili cheo ambacho binti wa suria wa Mtoni alikipata kwa kuzaliwa. Sisemi usuria ulikuwa jambo jema. Nasema katika hili la vyeo vya watoto, kasri la Mtoni lilikuwa na huruma kuliko la Brussels.

Mwana kumpisha baba

Urithi huteremka kama maji. Rekodi hizi tatu ni za maji yaliyopanda.

Mihai wa Romania alikuwa mfalme mwaka 1927 akiwa na miaka 5, kwa kuwa baba yake Carol alikuwa ameukana urithi kwa ajili ya mwanamke. Mwaka 1930 baba akarudi, akabadili mawazo, na mtoto wa miaka 8 akashushwa kutoka mfalme hadi mrithi wa baba yake. Miaka 10 baadaye Carol akafukuzwa, na Mihai akapanda tena.

Norodom Sihanouk wa Kambodia alikuwa mfalme mwaka 1941. Aligundua kwamba mfalme wa kikatiba hana uwanja wa siasa, basi Machi 1955 akajiuzulu, akamkabidhi taji baba yake Suramarit, akarudia uanamfalme na kuwa waziri mkuu. Baba alipofariki mwaka 1960 hakulirudia taji. Aliunda cheo cha mkuu wa nchi. Akapinduliwa, akaenda uhamishoni, akawa rehani ya Khmer Rouge, akaja kuvikwa ufalme kwa mara ya pili mwaka 1993, na kujiuzulu kwa mara ya pili mwaka 2004. Alikufa akiitwa Mfalme Baba. Sidhani kuna binadamu aliyewahi kubadilisha kadi za mialiko mara nyingi kama yeye.

Letsie wa Tatu wa Lesotho ndiye ninayemheshimu zaidi kati ya hawa. Watawala wa kijeshi walimwondoa baba yake, Moshoeshoe wa Pili, mwaka 1990 wakamweka yeye. Hakukitaka kiti cha mzee wake. Januari 1995 alijiuzulu ili baba arudi, naye akawa mrithi tena kwa hiari yake. Haukupita mwaka mzima, Januari 1996 baba akafa katika ajali ya gari milimani, na mwana akarudi kwenye kiti alichokwisha kukirejesha.

Burundi ilikuwa kinyume kabisa. Mwambutsa wa Nne, aliyekuwa mwami tangu utotoni mwaka 1915, alipinduliwa Julai 1966 na mwanawe Charles Ndizeye, kijana wa miaka 18 aliyejitwalia jina la Ntare wa Tano. Mwezi Novemba mwaka uleule waziri mkuu wake Micombero akampindua na ufalme ukafa.

Siku mbili, na miaka 82

Kwa ufupi wa utawala Waafrika Mashariki tuna bingwa wetu. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na binamu yake Khalid bin Barghash akaingia kasrini kabla maiti haijazikwa. Waingereza walitaka Hamoud bin Mohammed, na walidai kwamba hapana sultani bila ridhaa yao. Walimpa Khalid mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Kwa kiasi cha dakika 38 kasri lilibomolewa, meli ya sultani iitwayo Glasgow ikazama bandarini, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Wajerumani walikubali kwamba hatakanyaga tena ardhi ya Zanzibar, wakaitimiza ahadi hiyo kwa ujanja wa kisheria. Walingoja bamvua la mwezi Oktoba, mashua yao ya kijeshi ikaja mpaka ukingoni mwa ubalozi, na Khalid akavuka kutoka ardhi ya ubalozi hadi ndani ya mashua bila unyayo wake kugusa mchanga wa Unguja. Akapelekwa Dar es Salaam. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Ufaransa hudai rekodi fupi zaidi. Tarehe 2 Agosti 1830 Charles wa Kumi alijiuzulu, na mwanawe Louis-Antoine naye akatia saini ya kujiuzulu baada ya dakika zinazosemwa kuwa 20. Wanahistoria wengi hawamhesabu. Mimi pia simhesabu: mfalme ambaye hakupata hata nafasi ya kutoa amri moja ni shahidi wa hati tu.

Aliyedumu kuliko wote ni Sobhuza wa Pili wa Uswazi, nchi inayoitwa sasa Eswatini. Alirithi Desemba 1899 akiwa na miezi minne, akafariki Agosti 1982: miaka 82 na siku 254. Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, anayetajwa kwa ufahari kila mahali, aliishia miaka 72 na siku 110. Watetezi wa Louis husema Sobhuza hakuwa mtawala huru kwa muda mwingi, maana Waingereza walikataa kumwita mfalme. Walimwita chifu mkuu, kwa kuwa katika dola lao mfalme alikuwa mmoja tu. Watu wake walimwita Ngwenyama, simba, mwanzo hadi mwisho. Huko pia mama hapandi kwa ndoa, hupanda kwa mwana: mke wa mfalme hawi Ndlovukati, tembo jike, mpaka mwanawe achaguliwe. Ntfombi alikuwa mmoja wa wake wengi wa Sobhuza hadi mwanawe, Mswati wa sasa, alipoteuliwa.

Mdogo kuliko watawala wote wa wakati wake? Oyo wa Toro, magharibi ya Uganda, alitawazwa Omukama Septemba 1995 akiwa na miaka mitatu, akaingia kitabu cha rekodi cha Guinness. Inasimuliwa kwamba katikati ya sherehe aliteleza kwenye kiti cha enzi akakimbilia mapajani kwa mama yake.

Wakishang'atuka

Uholanzi ndiyo inayoongoza. Wilhelmina alijiuzulu mwaka 1948, binti yake Juliana mwaka 1980, mjukuu wake Beatrix mwaka 2013. Malkia watatu mfululizo, na kila mmoja alirudia kuitwa binti mfalme kama alivyozaliwa. Huo ndio utaratibu ninaouona safi zaidi. Margrethe wa Denmark, wa kwanza kujiuzulu kwa hiari nchini mwake tangu mwaka 1146, alibaki na jina la malkia. Juan Carlos wa Uhispania alibaki mfalme kwa heshima. Akihito wa Japani alipong'atuka mwaka 2019, wa kwanza kwa miaka 202, bunge lilitunga sheria ya mtu mmoja na kumfufulia cheo cha zamani cha mfalme mstaafu. Malaysia, ambako watawala tisa wa majimbo hupokezana kiti kikubwa kila miaka mitano, Muhammad wa Tano wa Kelantan alijiuzulu Januari 2019, wa kwanza kufanya hivyo, akarudi nyumbani kuendelea na usultani wake mdogo.

Edward wa Nane alijiuzulu Desemba 1936 baada ya siku 326 ili amwoe Wallis Simpson. Alipewa cheo cha Duke wa Windsor na kuruhusiwa utukufu wa kifalme, lakini hati iliyotolewa siku chache kabla ya harusi ilimnyima mkewe utukufu huo. Aligombana na ndugu zake kwa ajili ya maneno hayo mpaka akazeeka.

Zanzibar ilikuwa imekwisha kuona jambo hilo. Ali bin Hamoud alikwenda Ulaya mwaka 1911, mwaka aliovikwa taji George wa Tano, asirudi. Desemba akajiuzulu na kufanya makazi Paris. Kiti kilikwenda kwa shemeji yake Khalifa bin Harub, aliyekikalia karibu miaka 49. Mke wa Khalifa, Sayyida Matuka, alikuwa binti wa Sultani Hamoud, dada wa Sultani Ali, mke wa Sultani Khalifa na mama wa Sultani Abdullah. Masultani wanne pande zote, naye hana rekodi katika kitabu chochote nilichokiona.

Oman, kwa ndugu zao, Sultani Qaboos hakuwa na mtoto. Aliandika jina la mrithi akalifungia kwenye bahasha, ifunguliwe ikiwa ukoo utashindwa kukubaliana kwa siku tatu. Alipofariki tarehe 10 Januari 2020, ukoo haukutaka hata kujadili. Bahasha ilifunguliwa mbele ya kamera, ikasomwa Haitham bin Tariq. Mwaka mmoja baadaye Haitham akabadili sheria, na mwanawe Theyazin akawa mrithi rasmi wa kwanza katika historia ya Oman. Ametosheka na bahasha, nadhani.

Imebaki rekodi ya kukaa bila kiti. Mihai wa Romania alikuwa mfalme wa zamani kwa karibu miaka 70. Simeon wa Bulgaria, aliyeondolewa mwaka 1946 akiwa na miaka 9, alirudi na kuchaguliwa waziri mkuu mwaka 2001. Jamshid bin Abdullah, mjukuu wa Khalifa na Matuka, alitawala Zanzibar tangu tarehe 1 Julai 1963 hadi Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Alikimbia kwa meli, akafika Uingereza, akaishi Portsmouth kwa zaidi ya nusu karne, akahamia Oman mwaka 2020 na kufariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024, akiwa na miaka 95. Ukimweka kando Khalid, ambaye Waingereza hawakumtambua kamwe, Jamshid amewazidi hao wawili kwa hesabu moja: kwa kila siku aliyokuwa sultani, alikuwa sultani wa zamani kwa siku 114.